Mpira wa kusafishia damu: maswali ya mgonjwa na ndugu wanaomuuguza

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi mara nyingi hufika hospitali akiwa amevimba, anahema kwa shida na anatapika, na kabla siku haijaisha huwa ameshawekewa mpira shingoni na kuunganishwa na mashine. Maelezo anayopewa katika saa hizo huingia sikio moja yakatokea la pili. Maswali yafuatayo ndiyo huibuka baadaye, anapopata nafuu na kuambiwa kwamba mpira wa kwanza utaondolewa na kuwekwa mwingine wa kukaa muda mrefu.

Kwa nini sindano ya kawaida ya mkononi, ile ya kutundikia dripu, haitoshi?

Mashine ya kusafisha damu huvuta damu kiasi cha mililita 300 au zaidi kila dakika, na kipindi kimoja cha kawaida huchukua saa nne, mara tatu kwa wiki. Ukipiga hesabu, lita 72 hupita kwenye chujio katika kipindi kimoja, ingawa mtu mzima ana damu ya lita tano hivi tu, kwa sababu damu ileile hutoka na kurudi tena na tena. Vena ndogo za mkononi, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, haziwezi kutoa damu kwa kasi hiyo. Zikivutwa kwa nguvu hunywea na kuziba.

Ndiyo maana hutumika mpira laini, ambao wataalamu huuita katheta, wenye unene wa karibu milimita tano na njia mbili ndani yake: moja ya kupeleka damu kwenye mashine na nyingine ya kuirudisha ikiwa imesafishwa. Mpira huingia kwenye vena kubwa ya shingo, na ncha yake hukaa pale ambapo vena kuu ya juu humwaga damu moyoni, au ndani kidogo ya chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Miisho yake ya nje ina rangi nyekundu na bluu, na hapo wengi hudhani kwamba nyekundu imeunganishwa na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Njia zote mbili zimo ndani ya vena moja. Rangi humwonyesha muuguzi ipi ni ya kutolea damu na ipi ni ya kurudishia.

Mpira wa muda na mpira wa muda mrefu vinatofautianaje?

Mpira wa muda huchomwa moja kwa moja kutoka kwenye ngozi ya shingo, au ya kinena, hadi ndani ya vena. Huwekwa haraka, hata kando ya kitanda, na kwa dharura hauna mbadala. Hata hivyo, bakteria wa kwenye ngozi wana safari fupi sana ya kufika kwenye damu, na kwa sababu hiyo miongozo ya matibabu ya figo inataka usitumike zaidi ya wiki mbili.

Mpira wa muda mrefu hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua, kama kamba ya suruali inavyopita ndani ya pindo, kabla ya kuingia kwenye vena ya shingo. Mgonjwa huuona ukitokea kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga. Ndani ya njia hiyo ya chini ya ngozi kuna pete ndogo ya kitambaa iliyozungushiwa mpira, na nyama ya mwili huota na kushikamana nayo katika wiki tatu hadi nne. Pete hiyo hufanya kazi mbili: huushika mpira usichomoke, na huziba njia ambayo bakteria wangepita kutoka nje. Wazo la kuupitisha mpira chini ya ngozi na kuufunga pete lilienea kutokana na kazi iliyofanyika Seattle, Marekani, ambako Broviac na wenzake waliueleza mpira wa namna hiyo mwaka 1973 kwa ajili ya kulisha wagonjwa kupitia mishipa, kisha Hickman na wenzake wakaueleza mnene zaidi mwaka 1979 kwa wagonjwa wa kupandikizwa uboho. Mipira ya kusafishia damu, ambayo wagonjwa wengi huiita Permcath kwa jina la biashara hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, ilifuata mkondo huohuo.

Wanaotibiwa saratani wanaweza kuwekewa kifaa cha aina nyingine, yaani kisanduku kidogo kinachozikwa chote chini ya ngozi na kuchomwa kwa sindano maalumu siku ya dawa. Kisanduku hicho kina maambukizi machache kwa sababu hakuna kinachobaki nje, lakini wagonjwa wengi wa figo hawakitumii, kwa kuwa si rahisi kipitishe damu kwa kasi inayohitajiwa na mashine.

Mpira unaofika moyoni hautaudhuru moyo?

Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, akiwa katika mji wa Eberswalde, alijipitishia mpira mwembamba kwenye vena ya mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupata picha ya kuthibitisha. Wakubwa wa taaluma wakati huo hawakupendezwa, lakini mwaka 1956 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ncha ya mpira ni laini na huelea ndani ya damu. Wakati wa kuuweka, waya wa kuongozea unaweza kuugusa ukuta wa moyo na kusababisha mapigo machache yasiyo na mpangilio, ambayo kwa kawaida hutulia waya unaporudishwa nyuma. Hatari halisi kwa moyo hutokana na maambukizi yanayosafiri kwa damu na kukaa kwenye vali, na hilo linajadiliwa chini.

Mpira huu huwekwaje, na je, nitalazwa usingizi?

Kwa mtu mzima ganzi ya ngozi hutosha mara nyingi, pengine pamoja na dawa ya kumtuliza. Kabla ya hapo hupimwa wingi wa chembe sahani, zile zinazosaidia kuzuia damu isitoke, na uwezo wa damu kuganda, na mgonjwa anapaswa kutaja dawa zozote anazotumia za kuzuia damu isigande, pamoja na historia ya mipira aliyowahi kuwekewa. Historia hiyo ina maana kubwa, kwa sababu vena iliyowahi kukaa mpira inaweza kuwa imebana bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Mgonjwa hulala chali, kitanda kikiwa kimeinamishwa kichwa chini kidogo ili vena za shingo zijae na hewa isivutwe ndani. Vena ya kulia ya shingo huchaguliwa kwanza kwa sababu huteremka karibu wima hadi moyoni. Ya kushoto hupinda mara mbili kabla ya kufika. Vena iliyo chini ya mtulinga huachwa iwe chaguo la mwisho, kwani mpira ukikaa humo vena hubana kwa urahisi, na mkono wa upande huo unaweza kukosa kufaa kwa njia ya kudumu ya kusafishia damu. Daktari huiangalia vena kwa mashine ya altrasaundi, huichoma, hupitisha waya, huondoa sindano, hupanua njia, halafu hutelezesha mpira. Picha ya eksirei, wakati wa kazi au baada yake, huonyesha ncha imekaa wapi na kama pafu limeguswa.

Matatizo ya siku hiyo ni pamoja na kuchoma ateri kwa bahati mbaya, damu kuvilia shingoni, na hewa kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Altrasaundi imeyapunguza sana. Mgonjwa akisikia maumivu makali ya kifua au akianza kuhema kwa shida baada ya kutoka chumba cha upasuaji aseme papo hapo, asisubiri raundi ya asubuhi. Nyuzi zilizoshonwa kwenye ngozi hubaki hadi pete ya kitambaa itakaposhikana na nyama. Kuzitoa mapema kwa sababu zinawasha ni kosa linaloweza kugharimu mpira mzima.

Nikilazwa hospitali nyingine, wauguzi wanaweza kuutumia mpira huu kunitundikia dripu au kunitoa damu ya vipimo?

Hapana, isipokuwa kwa dharura ambayo hakuna njia nyingine, tena kwa mikono ya mtu anayeujua. Jibu hili lina sababu mbili, na mgonjwa anapaswa kuzijua zote ili aweze kuzieleza mwenyewe, maana mara nyingi yeye ndiye mtu pekee chumbani anayeufahamu mpira wake.

Sababu ya kwanza ni dawa iliyomo ndani. Kila kipindi kinapoisha, njia zote mbili hujazwa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi heparini, na ujazo wa kila njia umechapishwa kwenye mpira wenyewe kwa mililita. Dawa hiyo huachwa humo hadi kipindi kinachofuata, na ni lazima ivutwe na kumwagwa kabla ya kitu kingine chochote kupita. Muuguzi asiyejua akisukuma dripu au sindano, heparini yote huingia mwilini kwa mkupuo, na mgonjwa anaweza kuanza kutokwa na damu.

Sababu ya pili ni kwamba kila mara vifuniko vinapofunguliwa, bakteria hupewa nafasi. Kwenye kitengo cha kusafisha damu, muuguzi na mgonjwa wote huvaa barakoa, mikono huoshwa, glavu huvaliwa, na miisho ya mpira husuguliwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa ikauke kabla ya kuunganishwa. Kukauka huko ndiko hurukwa panapokuwa na haraka, ilhali dawa huua vijidudu katika muda huo wa kukauka. Mgonjwa anayemkumbusha muuguzi wake kuvaa barakoa hajamkosea adabu, na muuguzi mzuri humshukuru.

Nitaogaje, na nitaishije na mpira nyumbani?

Kuoga kwa ndoo na kopo kumekuwa na faida hapa, kwa sababu mtu anaweza kujimwagia kuanzia kiunoni kwenda chini, kisha akajifuta kifua na mabega kwa kitambaa kilichokamuliwa, na kuoshwa nywele akiwa ameinamia beseni. Bomba la mvua linaloelekezwa kifuani halifai, na kuogelea baharini, ziwani au kwenye bwawa ni marufuku kwa muda wote mpira ukiwepo. Kutawadha hakuna shida, kwa kuwa maji hayafiki kifuani. Kuhusu kuoga josho, hukumu ya kupangusa juu ya bendeji inajulikana kwa wenye elimu ya dini, na mgonjwa amuulize sheikh wake akimweleza kwamba daktari amekataza maji yasifike hapo.

Bendeji hubadilishwa na muuguzi kwenye kitengo, ya gozi katika kila kipindi, ile ya plastiki inayoonyesha ngozi mara moja kwa wiki, na yoyote kati ya hizo mara tu inapolowa au kubanduka. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho huibandua mapema, kwa hiyo ni vyema kuomba bendeji safi ya akiba na kufundishwa namna ya kuiweka juu kwa muda, bila kugusa kidonda, hadi utakapofika kituoni. Usipake spiriti, asali wala mafuta, na hasa usinyunyizie unga wa vidonge vya antibiotiki, desturi ambayo bado ipo katika nyumba nyingi. Spiriti ya dukani inaweza kuharibu aina fulani za plastiki, na unga wa vidonge huwasha ngozi na kuifanya ichubuke.

Mikufu ivuliwe. Nguo za kufungua mbele ni rahisi kuliko za kuvutwa kichwani. Mikasi na nyembe zisitumike karibu na mpira, hata kukata plasta. Kwenye bodaboda, mkanda wa begi usipite juu ya kifua upande wenye mpira, na mtoto mdogo apakatwe upande wa pili, maana mikono ya watoto hupenda kuvuta kinachoning'inia.

Nimepata homa na kutetemeka. Je, ni malaria?

Inawezekana, lakini mtu mwenye mpira kwenye vena kubwa hapaswi kuanza na wazo hilo. Huu ndio ushauri muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu kwetu homa ya baridi ina jibu ambalo kila mtu analijua: dawa ya malaria kutoka duka la dawa, panado, na blanketi. Kwa mgonjwa wa mpira, siku mbili zinazopotea kwa njia hiyo zinaweza kumtoa katika maambukizi yanayotibika na kumfikisha kwenye sumu ya damu.

Bakteria wanaohusika zaidi ni wa jamii ya stafilokokasi, ambao huishi kwenye ngozi na puani. Huingia kupitia miisho ya mpira au kutambaa kando yake, hujenga utando ndani ya plastiki, na humwagika kwenye damu. Dalili inayotambulisha sana ni mgonjwa aliyefika akiwa mzima, kisha nusu saa au saa moja baada ya mashine kuanza akatetemeka hadi kitanda kikacheza, kwa sababu mtiririko wa damu umewasukuma bakteria kutoka kwenye mpira kuingia mwilini. Kidonda pale mpira unapotokea kinaweza kuwa kisafi kabisa. Wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawapati homa kubwa. Huchanganyikiwa tu, au presha hushuka.

Kinachotakiwa ni kufika hospitali siku hiyohiyo na kusema kwa sauti kwamba una mpira. Kipimo cha malaria kifanyike, na hata kikionyesha vimelea, damu ichukuliwe ya kuotesha bakteria maabara, kutoka kwenye mpira na kutoka kwenye vena nyingine au kwenye mzunguko wa mashine, kabla ya antibiotiki ya kwanza. Dawa huanza mara tu baada ya hapo bila kusubiri majibu, kisha hurekebishwa majibu yanapotoka. Tiba huchukua wiki mbili hadi tatu, na huwa wiki nne au zaidi ikiwa bakteria ni stafilokokasi aina ya aureus, ambaye ana tabia ya kuhamia kwenye vali za moyo na pingili za uti wa mgongo. Mara nyingi mpira hubadilishwa au kuondolewa. Wagonjwa hulichukia hilo, hasa waliohangaika kuchangisha fedha za kuuweka, lakini mpira wenye utando wa bakteria unaweza kurudisha homa wiki moja baada ya dozi kuisha.

Mashine inalia kila mara na muuguzi anasema mpira hautoi damu. Nini kimetokea?

Ikiwa ni siku za mwanzo, huenda mpira umejikunja chini ya ngozi au ncha imekaa vibaya, na eksirei itaonyesha. Ikiwa umefanya kazi vizuri kwa wiki au miezi, sababu huwa ni damu iliyoganda ndani yake au utando unaoota kuuzunguka na kuziba matundu ya ncha kama kifuniko. Kubadilisha mkao au kukohoa husaidia kwa muda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kuachwa ndani ya mpira kwa muda uliopangwa, na ikishindikana mpira hubadilishwa kwa kupitisha waya katika njia ileile. Kuendelea miezi kadhaa kwa kasi ndogo kunadhuru kimyakimya: saa nne zinatimia, lakini damu inayosafishwa ni pungufu.

Mkono na uso vimevimba upande wenye mpira.

Vena kubwa huenda imebana au imeziba. Mwambie daktari kabla ya kipindi kinachofuata. Ikiwa uvimbe umeambatana na shida ya kupumua, nenda sasa hivi.

Kifuniko kikianguka, mpira ukipasuka au ukichomoka, tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Vena zilizo karibu na moyo huvuta hewa mtu anapovuta pumzi, kwa hiyo mpira ulio wazi ni hatari kwa damu inayotoka na pia kwa hewa inayoingia. Kila njia ya mpira ina kibano chake. Hakikisha vyote vimefungwa wakati wote, na kifuniko kikianguka kagua kibano kwanza, kisha funika kwa gozi safi na uende hospitali. Mpira ukipasuka, ukunje na kuubana kati ya mpasuko na kifua. Mgonjwa akianza ghafla kuhema kwa shida, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini.

Ukichomoka wote, mlaze chali na ukandamize kwa kitambaa safi sehemu mbili: pale ulipotokea kifuani na pale juu ya mtulinga, ambako uliingia kwenye vena. Wengi hukandamiza tundu la kifuani peke yake na kushangaa kwa nini shingo inavimba. Usijaribu kuurudisha.

Mpira unafanya kazi vizuri. Kwa nini daktari anasisitiza fistula?

Neno hili huwashtua wanawake wengi, kwani nchini Tanzania na Kenya limezoeleka kwa fistula ya uzazi, yaani jeraha la kuvuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu. Fistula ya kusafishia damu ni jambo jingine kabisa: daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena za mkono ili vena ipokee damu ya kasi, ipanuke na kukomaa hadi iweze kuchomwa sindano mara tatu kwa wiki. Madaktari wa New York waliieleza mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo njia yenye maambukizi machache zaidi, kwa kuwa hakuna plastiki inayobaki mwilini.

Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, kukomaa, na baadhi hazikomai. Katika kipindi hicho chote mpira ndio unaomweka mgonjwa hai, na kwa maoni yangu ombi la fistula linapaswa kutolewa wiki ileile mpira unapowekwa. Wakati wa kungoja, linda vena za mkono usioutumia kuandikia: usikubali ndani yake kanula wala sindano za vipimo, na ukilazimika kutolewa damu, toa mgongo wa kiganja. Anayetarajia kupandikizwa figo, huduma inayotolewa Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, naye alinde vena zake, kwa kuwa maandalizi huchukua muda na figo iliyopandikizwa inaweza kuja kushindwa baada ya miaka.

Siku ya kuutoa, utavutwa tu?

Ule wa muda huvutwa. Wa muda mrefu umeshikwa na nyama kwenye pete ya kitambaa, hivyo daktari hutia ganzi, huichambua pete taratibu kupitia mkato mdogo, na humwomba mgonjwa ashikilie pumzi wakati mpira unatoka. Sehemu mbili zilizotajwa hapo juu hukandamizwa kwa dakika kadhaa hadi damu ikome, kisha bendeji isiyopitisha hewa huwekwa juu ya tundu na kuachwa kwa siku moja au mbili. Mgonjwa abaki amelala kwa nusu saa kabla ya kuketi, hata kama ndugu wameshaita gari.